Kupeleka familia kwenye hoteli mpya ya ufukweni, mashariki mwa Unguja: mwongozo kamili

Kuanzia Matemwe na Pwani Mchangani kaskazini mpaka Paje, Jambiani na Makunduchi kusini, pwani ya mashariki ya Unguja haiishi kujengwa. Pahali palipokuwa na kiwanja cha mawe na minazi mwaka jana, leo pana bango la hoteli mpya na bei ya ufunguzi. Kwa familia ya Dar es Salaam au Morogoro hii ni nafasi nzuri. Vyumba havijachakaa, magodoro ni mapya, wafanyakazi wana hamu ya kupendeza, na bei mara nyingi iko chini ya ile itakayokuwepo hoteli ikishapata jina.

Mimi nazipenda hoteli mpya, kwa sharti kwamba mzazi akubali kufanya kazi ambayo kwingine imeshafanywa na wageni waliotangulia. Hoteli iliyokaa miaka kumi inajulikana ngazi ipi inateleza, chumba kipi kinasikia kelele za disko, na saa ngapi maji ya moto yanaisha. Hoteli iliyofunguliwa mwezi uliopita hayo hayajulikani bado, hata kwa meneja wake. Kwa hiyo mwongozo huu unahusu zaidi kuuliza, kukagua na kupanga tarehe kuliko mambo ya kufungasha mabegi.

Hatua ya kwanza: hakikisha imefunguliwa kweli

Picha nyingi za hoteli mpya ni michoro ya kompyuta. Utazitambua haraka. Bustani imekomaa wakati hoteli haina hata mwaka, hakuna waya wala ndoo wala taulo linaloning'inia, na bahari imejaa pomoni kwenye kila picha. Hilo halimaanishi kuna utapeli, ila linamaanisha hujaona bado unachokilipia.

Omba simu ya video ya WhatsApp, si video iliyorekodiwa. Mwambie anayekuhudumia atembee na simu kuanzia mapokezi, apite bwawani, aingie chumba cha aina unayoitaka, kisha ashuke mpaka ufukweni. Ukiweza, omba simu hiyo ipigwe wakati maji yamekupwa, ili uone pwani ilivyo hasa. Akisema meneja hayupo, au bwawa linafanyiwa usafi leo, mwombe kesho. Akikwepa tena kesho, tafuta hoteli nyingine.

Wakati wa simu hiyo uliza maswali haya bila haya. Vyumba vingapi vinalaza wageni leo? Bwawa la watoto lina maji? Jiko linapika milo yote, au jioni mnaagiza nje? Jirani kushoto na kulia kuna ujenzi? Swali hili la mwisho watu hulisahau, na ndilo linaloharibu likizo nyingi, maana hoteli mpya kwa kawaida iko kwenye eneo ambalo wawekezaji wengine nao wananunua. Mashine ya kukatia mawe ikianza saa moja asubuhi, mtoto mchanga halali tena.

Uliza pia umeme na maji. Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na ukikatika hoteli inategemea jenereta yake. Jenereta nyingine hubeba taa na friji za jikoni tu, viyoyozi vinazima. Kama una mtoto anayesumbuliwa na joto au dawa inayohitaji baridi, jibu la swali hili ndilo litakaloamua. Maji ya bombani upande wa mashariki mara nyingi yana chumvi chumvi kwa sababu visima viko karibu na bahari. Kuogea si tatizo, ila maziwa ya mtoto hayatengenezwi kwa maji hayo.

Mwisho wa hatua hii ni pesa. Hoteli zote Zanzibar zinatakiwa kuwa na leseni ya Kamisheni ya Utalii, na una haki ya kuuliza kama ipo. Jina linalotokea kwenye lipa namba au akaunti ya benki lifanane na jina la hoteli au kampuni inayoimiliki. Likitokea jina la mtu binafsi, simama hapo hapo. Usilipe zaidi ya sehemu ya bei kama amana, na upate kwa maandishi jibu la swali hili: ufunguzi ukichelewa, au bwawa lisipokuwa tayari, pesa zangu zinarudi lini na kwa njia gani? Ufunguzi wa hoteli huchelewa sana. Kontena la samani likikwama bandarini, tarehe inasogezwa.

Hatua ya pili: chagua tarehe kwa kuangalia mwezi wa angani

Hapa ndipo ningependa usome polepole, kwa sababu hakuna jambo linaloamua furaha ya watoto pwani ya mashariki kuliko hili.

Upande huu una mwamba mbali na ufukwe, na kati ya mwamba na mchanga kuna maji ya kina kifupi. Paje na Jambiani umbali huo hufika kilomita moja na zaidi. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kukupwa hukaribia mita 4. Maji yakikupwa bahari inaondoka kabisa, unabaki mchanga, mwani na madimbwi. Mtoto aliyeahidiwa kuogelea asubuhi anaamka anauliza bahari imekwenda wapi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana na maji hayaendi mbali.

Saa zake nazo zina mpangilio. Unguja, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na alasiri, na hukupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Likifika juma moja mambo yamegeuka, maji yanajaa kati ya saa nne na mchana, na kukupwa jioni.

Kwa hiyo shika tarehe za mwezi wa Kiislamu, kama wavuvi wanavyofanya. Mwezi mosi hadi nne, na kumi na nne hadi kumi na nane, ni bamvua. Kuanzia saba hadi kumi, na ishirini na moja hadi ishirini na nne, ni maji mafu. Angalia hapo jambo la faida kwa wenye kusafiri sikukuu. Idd el Fitr huangukia mwezi mosi daima, kwa hiyo ukienda Idd hiyo jiandae kwa bamvua: asubuhi matembezi kwenye mchanga uliokauka, kuogelea alasiri. Idd el Hajj huwa mwezi kumi, maji mafu, na bahari ipo karibu na ufukwe kuelekea mchana. Hata bila jedwali la maji unaweza kupanga.

Kama watoto wako ni wadogo na wanataka maji ya kuchezea asubuhi, chagua maji mafu. Kama ni wakubwa na wadadisi, bamvua ina raha yake, maana sakafu ya bahari inafunuka na kuna samaki wadogo, kaa na viti vya pweza vya kuangalia. Na kama familia haitaki kabisa kufuata saa za bahari, niseme wazi kwamba upande wa kaskazini, Kendwa na Nungwi, unafaa zaidi. Huko maji hayaondoki mbali hivi.

Kuhusu misimu, kwa ufupi. Masika ya kuanzia Machi mpaka Mei ni mvua, bei ziko chini na hoteli nyingine hufunga. Likizo ya shule ya Juni inakutana na kusi, yaani upepo wa kutoka kusini: hewa nzuri, upepo mwingi, bahari ya nje imechafuka. Desemba ni joto, kaskazi, yaani upepo wa kutoka kaskazini, inaanza na bei zinapanda. Ramadhani hoteli hufanya kazi kama kawaida, lakini nje ya hoteli usile wala kunywa hadharani mchana, na migahawa ya kijijini hufungwa mpaka magharibi.

Hatua ya tatu: bei

Uliza kwanza bei ni ya chumba au ya kichwa. Kosa hili dogo huongeza gharama mara mbili kwa familia. Kisha uliza bei ya wakazi. Hoteli nyingi hutaja bei ya dola kwa wageni wa nje, na bei nafuu ya shilingi kwa Watanzania na wenye kibali cha ukaazi, lakini hawaitaji mpaka uulize. Vitambulisho vitahitajika mapokezini.

Watoto wana mipaka yao ya umri. Mara nyingi mtoto wa chini ya miaka 2 hulala bure na wa chini ya 12 hulipa nusu, ila kila hoteli ina kanuni yake na hoteli mpya wakati mwingine hubadilisha katikati. Andikiana nao umri wa kila mtoto kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, na waandike kitanda cha ziada ni kitanda kweli au ni godoro la chini. Uliza kama bei imejumuisha kodi na tozo za kila mgeni kwa kila usiku.

Kuhusu chakula, napendelea kifungua kinywa na chakula cha jioni tu. Jiko jipya huwa halijazoea kasi, mchana ndipo linapozidiwa, na kijijini kuna wali wa nazi na samaki kwa bei ya kibinadamu. Mpango wa kila kitu ndani ya bei una maana kwa familia isiyokusudia kutoka nje ya geti, na kwa hoteli yenye jiko lililokwisha kuzoea kazi.

Hatua ya nne: kufika

Boti za mwendo kasi za Azam kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili. Nunua tiketi mapema siku za sikukuu, tena kwa ofisi au tovuti yenyewe, si kwa kijana anayekufuata getini. Chukua kitambulisho cha NIDA au pasipoti kwa watu wazima na cheti cha kuzaliwa kwa kila mtoto. Wakati wa kusi mkondo unatikisa. Kaeni chini na katikati au nyuma ya boti, watoto wale kitu chepesi saa moja kabla, na mifuko ya kutapikia iwe mkononi, si ndani ya begi.

Kutoka mjini hadi Paje ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Daladala namba 309 huenda Jambiani na 324 Bwejuu, ni rahisi na salama kwa watu wazima wenye begi moja. Familia yenye mizigo ichukue Noah, na bei ipatanwe kabla ya mizigo kupanda. Muulize dereva kama anaifahamu hoteli, kwa sababu hoteli mpya mara nyingi haiko sahihi kwenye ramani ya simu. Chukua namba ya mlinzi wa geti, si ya mapokezi tu.

Hatua ya tano: saa ya kwanza hotelini

Mabegi yasifunguliwe bado. Mzazi mmoja abaki na watoto wakinywa madafu, mwingine akague. Ukaguzi huu ni wa maisha ya watoto, si wa kutafuta makosa.

Anza na bwawa. Shirika la Afya Duniani linaweka kuzama majini miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto wadogo duniani, na mtoto anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema. Anakwenda kimya. Tazama kama kina kimeandikwa pembeni, kama bwawa la watoto limetenganishwa na la wakubwa, kama kuna uzio wenye geti linalojifunga, na kama mwokoaji yupo au kiti chake ni pambo. Hoteli mpya za Unguja nyingi zina bwawa lililo wazi pande zote kwa sababu linapendeza kwenye picha. Kama ndivyo, omba chumba kisichofungukia bwawani, hata kama kile cha bwawani ni cha bei ya juu na wanakupa bure. Kisha amueni, nyinyi wazazi, nani ni mlinzi wa maji saa ngapi. Anayelinda hashiki simu. "Tuko wote hapa" ndiyo hali ambayo kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Maboya ya mikononi hayamzuii mtoto kuzama, ni ya kuchezea tu.

Panda chumbani. Pima nafasi za nguzo za baraza: kama ngumi ya mtu mzima na zaidi inapita, kichwa au mwili wa mtoto mdogo nao unaweza kupita. Kiwango kinachotumika sana kwa wajenzi ni sentimita 10. Sogeza viti na meza mbali na ukingo. Milango ya vioo isiyo na alama huwagonga watoto wanaokimbia, bandika karatasi au leso katika kimo cha macho yao. Jaribu kufuli la mlango wa baraza. Fungua maji ya moto mwenyewe kabla mtoto hajaingia kuoga, kwa sababu mitambo mipya mara nyingi haijarekebishwa na maji hutoka ya kuunguza. Angalia soketi zilizolegea na waya za ujenzi zilizosahaulika. Kama rangi bado inanuka sana, fungua madirisha yote au omba chumba kilichokamilika mapema zaidi, hasa kwa mtoto mwenye pumu.

Tazama nje pia. Minazi ya zamani inayoning'inia juu ya viti vya ufukweni iwe imeangushwa nazi. Miti iliyopandwa juzi haina kivuli, kwa hiyo hesabu miavuli na uwahi asubuhi. Misumari, vigae na vioo vya ujenzi hubaki kwenye mchanga wa bustani kwa miezi. Watoto wavae viatu hata ndani ya eneo la hoteli.

Ukikuta kasoro, mwambie meneja wa zamu siku hiyo hiyo, kwa upole na kwa orodha fupi. Hoteli mpya ina fundi bado yuko kazini. Jambo linalohitaji wiki mahali pengine hapa hufanyika kwa saa moja, na vyumba vya kuhamia vipo.

Hatua ya sita: baharini

Hakuna mtoto kuingia maji ya mwambani bila viatu vya mpira. Kuna viumbe weusi wa miiba mirefu wanaojikita kwenye mawe na majani ya bahari, na mwiba wao hukatikia mguuni. Ukichomwa, loweka mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, toa miiba inayoshikika, usiikande, na nenda kituo cha afya kama imezama karibu na kiungo. Yavuyavu, viumbe laini kama jeli wanaowasha ngozi, wakionekana, watoto watoke.

Kutembea kwenda mwambani maji yakiwa yamekupwa ni jambo la kufurahisha sana, ila muwe na mtu wa kijijini na muanze kurudi kabla ya maji kugeuka. Bahari ya bamvua hurudi kwa mifereji, inajaza nyuma yenu kabla ya mbele. Boti za kwenda kuona samaki ziwe na majaketi ya kuokolea ya saizi ya watoto. Mvishe kabla ya kupanda. Nahodha akisema yapo chini ya benchi, aonyeshe.

Mashamba ya mwani mtakayoyaona, vijiti na kamba zilizonyooka, ni ya watu. Kilimo hiki kilianza pwani hii mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni akina mama. Wafundishe watoto kupita pembeni, na kama mama anapumzika mpe shikamoo, umwulize kazi yake. Wengi huwaonyesha watoto kwa moyo mkunjufu, na ukimnunulia sabuni ya mwani siku hiyo imekuwa nzuri kwenu nyote.

Jua la saa tano hadi saa tisa liepukwe. Fulana ya mikono mirefu ya kuogelea inamlinda mtoto kuliko losheni, na haimwagiki baharini.

Hatua ya saba: nje ya geti

Nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Kijijini mabega na magoti yafunikwe, watu wazima na vijana wenu. Papasi, yaani vijana wanaowauzia wageni huduma ufukweni, watakufuata na safari za kila aina. Jibu kwa heshima, na safari ya maji ifanyeni na mtu ambaye hoteli inamjua kwa jina.

Siku moja itengwe kwa msitu wa Jozani, njiani kati ya mjini na Paje, kuwaona kima punju, ambao asili yao ni Unguja tu. Wenye watoto wanaosoma historia wafike Kizimkazi Dimbani, kwenye msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107. Forodhani iwe jioni ya mwisho mjini, urojo na mishikaki, mtoto akichagua mwenyewe.

Jua pia hospitali iliyo karibu kabla ya kuihitaji: Makunduchi kwa upande wa kusini, Kivunge kwa kaskazini, Mnazi Mmoja mjini. Uliza mapokezi gari la dharura ni lipi na dereva analala wapi. Hoteli mpya mara nyingi hazijajiuliza swali hilo, na ukiuliza wewe watalipatia jibu kabla ya familia inayofuata. Chukueni vipakiti vya chumvi ya kunywa wakati wa kuharisha, dawa ya homa ya watoto na kipimajoto. Chandarua kitumike hata kama chumba kina kiyoyozi.

Hatua ya nane: kuondoka

Omba bili usiku wa kuamkia safari, si asubuhi ya boti. Mifumo ya hoteli mpya hukosea sana: soda za chumba kingine, kitanda cha ziada kilichoahidiwa bure, kodi iliyohesabiwa mara mbili. Linganisha na maandishi ya hatua ya kwanza na ya tatu, uchukue risiti.

Ukiandika maoni mtandaoni baadaye, taja umri wa watoto wako, tarehe mlizolala, maji yalikupwa saa ngapi, na kama bwawa lilikuwa na uzio.